Kulijenga Upya Tukio la Uhalifu kwa Ushahidi wa Vitu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kulijenga upya tukio la uhalifu ni kufanya nini hasa?

Ni kazi ya kuvitazama vitu na alama zilizobaki mahali pa tukio, kuzipima, kuzilinganisha, kisha kueleza kwa hoja ni matendo gani yaliyoziacha, matendo hayo yalifuatana vipi, na wahusika walikuwa wamesimama, wameketi au wamelala wapi yalipotendeka. Maneno "kujenga upya" huwapotosha wengi wakadhani kwamba mtaalamu hulirudisha tukio zima tangu mwanzo hadi mwisho, kama mchezo wa jukwaani. Sivyo. Kinachopatikana mara nyingi ni vipande: mtaalamu anaweza kuthibitisha kwamba risasi ya pili ilifyatuliwa baada ya ile ya kwanza, na asijue kabisa ugomvi ulianza saa ngapi wala ulianzishwa na nani.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba ushahidi wa vitu una nguvu zaidi katika kukanusha kuliko katika kusimulia. Alama moja ya damu yaweza kukubaliana na visa vitatu tofauti, lakini hiyohiyo ikatosha kukiondoa kisa cha nne moja kwa moja. Ndiyo maana mtaalamu makini huyaorodhesha maelezo yote yanayowezekana, kisha huyapitisha moja baada ya jingine mbele ya vielelezo, na kuandika lipi limeanguka na limeangushwa na nini.

Kazi hii inatofautiana vipi na upelelezi wa kawaida?

Mpelelezi hukusanya kila kitu: maneno ya mashahidi, rekodi za simu, nia ya mshukiwa, madeni yake. Anayelijenga upya tukio hujifunga kwenye vitu na alama tu. Swali la kwa nini mtu alitenda jambo si lake, na wala hachori picha ya tabia ya mhalifu. Maelezo ya mashahidi huyachukua kama madai ya kupimwa, hayafanyi kuwa msingi wa kujengea.

Wazo hili lilitoka wapi?

Hans Gross, hakimu mchunguzi wa Austria, alichapisha mwaka 1893 mwongozo wa wapelelezi uliosisitiza kwamba vitu vichunguzwe kwa sayansi badala ya kutegemea ungamo na ushahidi wa mdomo peke yake. Mwaka 1910 Edmond Locard alifungua maabara ndogo ya polisi huko Lyon, Ufaransa, na jina lake ndilo linalofungamanishwa na kanuni ya mabadilishano: watu au vitu viwili vinapogusana, kila kimoja hukiachia kingine kitu. Ule usemi mfupi kwamba kila mgusano huacha alama ni muhtasari wa waliomfuata. Yeye aliandika kwa urefu na kwa tahadhari zaidi. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu alama huweza kuachwa na isionekane, au ikapeperushwa, ikaoshwa, ikakanyagwa. Kutokuikuta alama, kwa hiyo, si uthibitisho kwamba mgusano haukuwapo.

Kwa nini hakuna kinachoguswa kabla ya kupigwa picha na kupimwa?

Kwa sababu mpangilio wa vitu ni ushahidi wenyewe, nao huvunjika mara moja tu. Tuchukue mfano wa chumba kilichovunjwa dirisha na kupekuliwa. Droo zimemwagwa, nguo zimetapakaa sakafuni, na vipande vya kioo vimelala juu ya nguo hizo, ilhali chini yake hakuna hata kimoja. Mwenye nyumba anasema mwizi aliingia kwa kuvunja dirisha. Lakini kama dirisha lingevunjwa kwanza, walau baadhi ya vipande vingekuwa chini ya nguo. Mpangilio huo unaelekea kuonyesha kwamba nguo zilimwagwa kabla ya kioo kupasuka, na hapo swali la nani aliyelipanga tukio hilo linaanza kuulizwa. Mtu mmoja mwenye nia njema akiziokota nguo hizo ili kupisha njia, hoja yote imepotea, na hakuna maabara itakayoirudisha.

Picha huanza kwa mbali, ikionyesha chumba kizima, kisha ya kati inayoonyesha kitu na majirani zake, kisha ya karibu yenye rula kando ya kitu na kamera ikiwa imeelekezwa wima juu yake. Mchoro wenye vipimo hufuata, kwa kuwa picha hudanganya juu ya umbali. Siku hizi vifaa vya kupima kwa leza huweza kunakili chumba kizima kwa dakika chache, jambo jema sana, ingawa mfano mzuri wa kompyuta uliojengwa juu ya dhana mbovu hubaki mbovu, na kwa bahati mbaya huwashawishi watu zaidi kuliko mchoro wa penseli.

Madoa ya damu yanaweza kusema nini, na yanaishia wapi?

Tone la damu linaporuka na kugonga sehemu bapa na laini kwa pembe, huacha doa lenye umbo la yai, mara nyingi lenye mkia mwembamba unaoelekea kule tone lilikokuwa likienda. Upana wa doa ukigawanywa kwa urefu wake, bila kuhesabu mkia, hutoa saini ("sine" ya hesabu za pembetatu) ya pembe ya mgongano. Doa lenye upana wa milimita 4 na urefu wa milimita 8 hutoa 0.5, yaani nyuzi 30. Doa la duara kamili ni tone lililogonga kwa nyuzi 90. Madoa kadhaa ya pigo moja yakipimwa hivyo na mistari ikavutwa kurudi nyuma, mistari hiyo hukutana katika eneo ambalo damu ilitokea. Hapo ndipo mtu anaweza kusema kama kichwa kilichopigwa kilikuwa karibu na sakafu au kwenye kimo cha mtu aliyesimama.

Lakini tone halisafiri kwa mstari ulionyooka. Mvutano wa dunia hulipinda njiani, hivyo mistari iliyonyooka huelekea kukionyesha chanzo kuwa juu kuliko kilivyokuwa. Mtaalamu anayejua kazi yake huutaja urefu huo kuwa ni kikomo cha juu, na hutaja eneo, hatoi nukta.

Mambo mawili mengine yana thamani kubwa kuliko yanavyosifiwa. La kwanza ni pengo: ukuta umejaa vidoadoa vya damu isipokuwa sehemu moja safi yenye kingo dhahiri. Pengo hilo linasema kwamba kitu au mtu alikuwa hapo akaikinga damu, na sasa hayupo. La pili ni doa lililofutwa likiwa limeanza kukauka. Damu hukauka kuanzia ukingoni. Ikipanguswa mapema, katikati huondoka na pete nyembamba hubaki. Pete hiyo inasema kwamba muda fulani ulipita kati ya tone kuanguka na mtu kuligusa, na kwa kuwa kasi ya kukauka hutegemea joto, upepo, ukubwa wa tone na aina ya sehemu lilipoangukia, muda huo hupimwa kwa majaribio katika hali zinazofanana.

Kesi ya daktari Sam Sheppard, aliyeshtakiwa huko Ohio, Marekani, kwa kumuua mkewe mwaka 1954, ndiyo iliyoufanya uchunguzi wa madoa ya damu ujulikane kwa watu wengi. Mwanasayansi Paul Kirk alichunguza chumba cha tukio na mwaka 1955 akatoa maoni, miongoni mwake kwamba mshambuliaji alitumia mkono wa kushoto. Sheppard aliachiwa huru kesi iliposikilizwa upya mwaka 1966. Hata hivyo taaluma hii isipewe sifa isiyo yake: ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2009 ilieleza kwamba kiwango cha mashaka katika kufasiri madoa ya damu ni kikubwa mno, na kwamba kwa jumla maoni ya wachunguzi wake hutegemea zaidi mtazamo wa mtu kuliko sayansi.

Je, luminoli ikiwaka, si damu imethibitishwa?

Hapana. Luminoli, kemikali inayopuliziwa mahali pa tukio ili kutafuta mabaki ya damu, hung'aa kwa rangi ya buluu inapokutana na chuma kilichomo katika damu, lakini dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, shaba na baadhi ya mimea pia huiwasha. Ni kipimo cha kuelekeza, na sharti kifuatwe na kipimo cha kuthibitisha.

Kioo kilichopasuka kinaonyeshaje upande ulikotoka pigo?

Kioo cha kawaida cha dirisha kikisukumwa hujipinda kidogo kabla ya kupasuka. Upande wa nyuma, ulio mbali na pigo, ndio unaovutwa zaidi, kwa hiyo nyufa zinazotawanyika kama miale kutoka kwenye pigo huanzia upande huo. Kisha vipande vilivyo kati ya miale husukumwa na kupasuka kwa nyufa za mviringo, ambazo huanzia upande wa mbele. Ukikitoa kipande na kuutazama ukingo wa ufa wa mwale kwa kukigeuzageuza mwangani, utaona mistari iliyopinda kama magamba; mistari hiyo husimama wima kwenye uso wa nyuma na kulala karibu sambamba na uso wa mbele. Kanuni hii haifai kwa kioo cha usalama kinachomeguka vipande vidogo vidogo, na ni lazima ijulikane kipande kilitoka wapi kwenye fremu na uso upi ulitazama nje, ambao mara nyingi hutambulika kwa vumbi na rangi.

Risasi mbili zikipita kwenye kioo kimoja, nyufa za ile ya pili hukoma zinapofika kwenye nyufa za ile ya kwanza, kwa sababu ufa hauwezi kuvuka mahali ambapo kioo kimekwisha kutengana. Tundu lenyewe huwa pana zaidi upande wa nyuma, yaani upande risasi inakochomoza baada ya kupita. Mfupa wa fuvu hufuata mantiki hiyohiyo, na daktari wa uchunguzi wa maiti huitumia kutofautisha jeraha la kuingilia na la kutokea, na pia kujua pigo lipi lilitangulia.

Umbali wa bunduki hujulikanaje?

Mtutu ukigusa ngozi, masizi na gesi huingia ndani ya jeraha, na penye mfupa karibu ngozi yaweza kupasuka kwa umbo la nyota. Mtutu ukiwa mbali kidogo, chembe za baruti ambazo hazikuungua huichoma ngozi na kuacha vitone visivyofutika kwa kuosha. Ukiwa mbali zaidi, hubaki tundu tu. Mpaka kati ya hali hizi hutofautiana kwa silaha na aina ya risasi, kwa hiyo anayetoa umbali kwa kutazama picha peke yake anabahatisha. Njia sahihi ni kufyatua silaha ileile, kwa risasi za aina ileile, kwenye kitambaa kilichowekwa umbali tofauti tofauti, kisha kulinganisha. Nguo za mwathiriwa huhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa kwa sababu hiyo, maana kitambaa huweza kuzizuia chembe ambazo zingeonekana kwenye ngozi.

Mwelekeo wa risasi huwa wa kuaminika panapokuwa na matundu mawili kwenye mstari mmoja, kwa mfano mlangoni na kisha ukutani. Jeraha la mwilini halina uthabiti huo, kwa sababu mwili huinama na kugeuka. Maganda ya risasi nayo yachukuliwe kwa hadhari: hurushwa, huruka yakigonga ukuta, hubingirika, na mara nyingi hupigwa teke na wa kwanza kufika kusaidia.

Je, saa ya kifo inaweza kujulikana kwa usahihi?

Inaweza kukadiriwa, na kadirio lenyewe ni pana kuliko watu wanavyopenda. Njia ya Claus Henssge, inayolinganisha joto la mwili na la mazingira huku ikizingatia uzito na mavazi, katika hali nzuri kabisa hutoa nafasi ya saa 2.8 kabla au baada ya kadirio. Maiti huanza kukakamaa baada ya saa chache, hukakamaa kabisa kwa kadiri ya saa 12, kisha hulegea tena, na joto kali huharakisha hatua zote.

Kwa mjenzi wa tukio, kinachofaa zaidi ni weusi wa damu inayotuama sehemu za chini za mwili baada ya moyo kusimama. Weusi huo kwa kawaida hutulia kati ya saa 8 na 12. Maiti ikikutwa imelala kifudifudi huku weusi uliotulia ukiwa mgongoni, basi ililala chali kwa saa kadhaa kabla ya mtu kuigeuza. Hapa hatujui saa ya kifo, lakini tunajua kwamba kuna mtu aliyerudi, au ambaye hakuondoka.

Vinasaba vikipatikana, kuna haja gani ya mengine yote?

Vinasaba hujibu swali la "nani", na hata hilo kwa uwezekano. Havisemi lini wala kwa tendo gani. Chembe za ngozi zaweza kufika kwenye mpini wa kisu kwa kukishika, kwa kumpa mkono aliyekishika, au kwa glavu ya mchunguzi aliyegusa kitu kingine kabla. Nguvu yao haina ubishi: njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba, aliyoigundua mwanasayansi Alec Jeffreys huko Leicester, Uingereza, mwaka 1984, ilipotumika kwa mara ya kwanza katika kesi ya mauaji, ilimwondolea lawama kijana aliyekuwa amekiri kosa asilolitenda, na mhalifu halisi akahukumiwa mwaka 1988.

Upande wa pili ni kisa cha Heilbronn. Baada ya askari polisi kuuawa katika mji huo wa Ujerumani mwaka 2007, vinasaba vya mwanamke mmoja vilionekana kuhusika na matukio yapatayo 40 yaliyotapakaa Ujerumani, Austria na Ufaransa, kuanzia mauaji hadi wizi mdogo. Mwaka 2009 ilibainika kwamba mwanamke huyo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilikotoka vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi vinasaba. Kielelezo kilikuwa cha kweli na maabara ilisoma sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kilifikaje pale.

Moto hauteketezi ushahidi wote?

Hauteketezi wote, ila huutengenezea alama zake, na hizo zimewahi kusomwa vibaya kwa gharama ya uhai. Kwa miongo mingi wachunguzi walifundishwa kwamba sakafu iliyoungua kwa madimbwi inamaanisha petroli ilimwagwa, na kwamba kioo chenye nyufa nyingi laini kama utando kilipatwa na joto la ghafla. Mwaka 1991, huko Jacksonville, Florida, wachunguzi wa kesi moja ya moto waliichoma kwa makusudi nyumba iliyofanana na ile iliyoungua, bila kumwaga chochote. Katika muda usiofika dakika tano gesi zilizokusanyika darini zilifikia joto la kukiwasha chumba kizima kwa pamoja, na sakafu ikabaki na alama zilezile zilizodhaniwa kuwa za petroli. Nyufa za kioo nazo zimeonekana kutokea kioo cha moto kinapomwagiwa maji, yaani huweza kuletwa na wazima moto wenyewe.

Mwaka huohuo, Texas, nyumba iliungua na watoto watatu wakafa. Baba yao alihukumiwa kwa ushahidi uliojengwa kwa sehemu kubwa juu ya alama za namna hii, akanyongwa... la, tuwe sahihi: alichomwa sindano ya sumu, mwaka 2004. Wataalamu kadhaa waliokagua kesi hiyo baadaye walisema hapakuwa na msingi wa kisayansi wa kuuita moto ule wa makusudi.

Mtaalamu aelezwe nini kabla ya kuanza?

Kidogo iwezekanavyo, tena kwa mpangilio. Mwaka 2006 mtafiti wa saikolojia Itiel Dror na wenzake waliwapa wataalamu watano wa alama za vidole jozi ya alama ambazo kila mmoja wao alikwisha kuzitambua miaka ya nyuma kuwa za mtu mmoja, ila safari hii waliambiwa kwamba ni zile za kosa maarufu la Madrid. Wanne kati ya watano walibadili uamuzi wao. Kosa lenyewe la Madrid lilitokea mwaka 2004, pale FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilipomhusisha wakili mmoja wa jimbo la Oregon na mabomu ya treni ya mji huo wa Hispania kwa alama ya kidole ambayo polisi wa Hispania baadaye walionyesha kuwa ya mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa mwongo hapo. Jicho linalojua linachotafuta hulipata.

Kwa hiyo ungamo la mshukiwa, rekodi yake ya zamani na imani ya mpelelezi vikae kando hadi vipimo viandikwe na kutiwa saini.

Je, tukio la miaka mingi iliyopita linaweza kujengwa upya?

Linaweza, ikiwa picha, michoro na vielelezo vimetunzwa, na kila mkono uliovipokea umeandikwa. Nguo zenye damu ziwe zilikaushwa na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na damu huoza. Picha zenye rula zilizopigwa wima ndizo zinazofaa zaidi, lakini hata zisizo na rula si za kutupwa. Nyumba ikiwa bado imesimama, mchunguzi huweza kurudi na kupima kigae kimoja cha sakafu kinachoonekana pichani, na kutokana nacho akapata ukubwa wa doa lililokuwa kando yake siku ile.